Eda na Kiapo

Siku ya tatu baada ya kumzika mume wangu, alikuja mwanamke tuliyekulia pamoja Hulugho, karibu na mpaka wa Somalia. Alinipa pole, akakaa mkekani, akalia. Hakunificha kwamba alikuwa akijililia mwenyewe.

Tulipokuwa watoto, mwaka wa ukame, mama yake alimwandikisha kama mkimbizi kambini Dadaab ili wapate chakula. Alama za vidole vyake zilibaki huko, na kwenye kompyuta za serikali hadi leo yeye ni mkimbizi. Hana kitambulisho. Mume wangu ndiye aliyekuwa akienda naye ofisi ya vitambulisho kuapa kwamba ni Mkenya.

"Abaayo, dada yangu, shahidi wangu amekufa," alisema. "Na wewe unanijua kuliko yeye."

Ni kweli. Chakula kile cha kambini nami nilikila, kwa mkono wa mama yake. Mume wangu aliniomba mara nyingi niende nao, nikawa nasingizia kazi za nyumbani. Niliogopa mimi nami nisije nikachunguzwa.

"Nimo edani, sitoki," nilimwambia.

"Eda imeanza juzi. Miaka yote hiyo ulikuwa na eda ya nani?"

Eda ilipokwisha, safari yangu ya kwanza ilikuwa ofisini pamoja naye. Niliapa. Karani aliniuliza kwa nini sikuja mapema.

"Niliogopa," nilisema.

"Hilo siandiki," alijibu, akanisogezea fomu nitie sahihi.

Kitambulisho hakijatoka. Alhamisi tunarudi.