Barua Iliyoanikwa Kambani

Lea hakusomea uuguzi. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa dobi wa wodi ya wagonjwa wa akili, Iringa mjini, na kama kuna daktari aliyemshinda kwa kutuliza watu, Gwakisa hajamwona. Wala hakuwa mtu wa kubembeleza. Ukimchelewesha na kazi zake, alikutolea macho mpaka ujute.

Gwakisa alitoka Tukuyu akiwa muuguzi mpya, mwili mkubwa, moyo laini. Mwezi wake wa nne kazini alimwendea mgonjwa aitwaye Zabron kwa nyuma, amfunike blanketi. Kosa la mgeni hilo. Zabron, aliyekuwa akisikia sauti za watu wanaomwinda, aligeuka akampiga kichwa cha pua. Wauguzi wenzake walimtuliza Zabron, akalala. Gwakisa ndiye hakutulia. Aliandika barua ya kuacha kazi, akaisokomeza mfukoni, kisha kwa kuchanganyikiwa akalitupa koti lenye damu kwenye kapu la dobi. Jioni akaja kulidai.

"Kamwene, mwanangu," Lea akamsalimu. "Koti liko kambani. Kwanza shika huku."

Ndiyo ilikuwa desturi yake. Aliyepigwa haondoki kabla ya kukunja naye mashuka, maana yale mashuka makubwa hayakunjwi na mtu mmoja. Mnavuta, mnasogeleana, mnapeana ncha, mnarudi nyuma. Kwenye shuka la tano Gwakisa akatoa lililomkaba.

"Mama, nilimnyanyulia ngumi. Mtu mgonjwa!"

"Ukampiga?"

"Hapana."

"Basi. Wote walionishikia mashuka hapa waliwahi kuinyanyua, hata mganga mkuu. Vuta vizuri, linaburuza chini."

Gwakisa alilia bila aibu. Alikuwa amejiona mnyama, kumbe ni mtu kama wenzake.

Uani, kando ya koti, barua yake ilikuwa imebanwa kambani, wino umetapakaa kote. Lea alisema alisahau kupekua mifuko. Dobi wa miaka ishirini na miwili!

"Ikikauka uje uichukue," akasema.

Huu ni mwaka wa saba. Lea amestaafu, analima mahindi yake Kalenga, na kila msimu Gwakisa humpelekea sukari na shukrani zisizokwisha. Wiki iliyopita mgonjwa alimpiga kofi muuguzi mgeni, Happy, na Gwakisa akamkuta anafungasha vitu vyake. Hakumhubiria. Alianua shuka moja kambani, akamnyooshea ncha.

"Pole, mdogo wangu. Shika huku."