Jina Nililomnyima Mkwe

Binti yangu alikaribia kutimiza mwaka akiwa na jina la ubatizo tu. Jina la kikwetu hakuwa nalo. Kwa desturi yetu binti wa kwanza hupewa jina la bibi mzaa baba, na bibi huyo alikuwepo Machame, mzima wa afya, akilisubiri jina lake kwa hamu. Mimi nililikalia.

Nilikuwa nimekaa kwenye ndoa miaka mingi bila mtoto. Siku moja, jikoni kumejaa wanawake wa ukoo tunamenya ndizi, mkwe wangu alimwambia mume wangu kwamba mti mkavu haumwagiliwi maji, hupasuliwa kuni. Aliyasema hayo nikiwa pale pale na kisu mkononi. Mimi si mtu wa kumeza maneno, lakini siku ile nilimeza. Kwa hiyo nilipojaliwa, nilimwambia mume wangu waziwazi kwamba mama yake atalipata jina siku atakayoniomba msamaha. Akanijibu kuwa mama yake hajawahi kumwomba mtu msamaha tangu azaliwe. Nikamwambia basi ajifunze.

Hata hivyo sherehe ya kutimiza mwaka nilitaka ifanyike kwake, kihambani, kwenye migomba ya ukoo, si kwetu Njoro, mjini. Nilitaka wale wale walionisikia nikiitwa kuni waje wale keki ya mwanangu. Ndiyo, nilitaka kuringa, nifiche nini? Maduka ya Moshi yalikuwa yameanza kujaa tena. Sisi tuliozoea kupanga foleni ya sukari sasa tulichagua baluni kwa rangi. Jirani yangu, mama wa Kihindi mwenye duka la vitambaa, aliniokea keki ya ghorofa mbili. Tena akashikilia kwamba atapanda nasi mlimani kupamba mwenyewe, maana aliniona nikifunga riboni kama nafunga mzigo wa majani ya ng'ombe.

Tulifika asubuhi. Mkwe wangu alitupokea vizuri, akambeba mtoto, akawa anamwita "huyu". Leteni huyu, huyu amekula, huyu mbona hana soksi. Jina la ubatizo aligoma kulitamka. Nikajifanya kiziwi, nikaingia jikoni kusimamia mtori na nyama, jirani akabaki uani na meza zake.

Kumbe meza ya wazee aliiona bado tupu. Akatazama huku na huku, akaona kwenye mpaka wa shamba majani marefu ya kijani, mazuri kweli. Akakata moja, akalifunga riboni ya pinki, akaliweka juu ya sahani ya bibi ili kumheshimu. Masikini, hakujua kwamba hilo ni isale. Kwetu isale halipambi meza. Ukimpelekea mtu isale unamwomba msamaha, na aliyeletewa hana ruhusa ya kukataa, hata kama umemchomea nyumba.

Wageni walipokwisha kukaa nilitoka na sufuria ya mtori, nikamkuta mkwe wangu amesimama mbele ya watu wote, isale mkononi, uso unang'aa.

"Mwanangu," akaniambia, "isale lako nimeliona. Nimekusamehe yote."

Wanawake wakapiga vigelegele. Jirani yangu naye akapiga makofi, hana habari. Mimi kichwa kilipata moto. Nisamehewe mimi? Mume wangu alinitazama kwa macho ya funika kombe mwanaharamu apite. Sikufunika. Niliweka sufuria chini.

"Mama," nikasema, "hilo jani ni pambo tu, limewekwa na mgeni asiyejua mila zetu. Mimi sina nililokukosea."

Vigelegele vikakatika. Jirani alipoelezwa alichokifanya aliziba mdomo kwa mtandio wake, akanyoosha mkono alichukue jani lake. Mkwe wangu akamzuia. Sasa alikuwa ameshika isale mbele ya ukoo mzima, na isale likishashikwa hadharani namna ile huwezi kulitupia kuku. Lazima lifike kwa mtu. Kila aliyekuwa pale uani alilijua hilo, na wale wanawake wa jikoni walijua pia lilipaswa kufika kwa nani.

Akatazama mlango wa nyumba yake. Nikawaza kwamba sasa ataingia ndani na kufunga mlango, na sherehe ya mwanangu iishie hapo. Badala yake akaizunguka meza polepole mpaka mbele yangu, akalishika lile jani kwa mikono miwili.

"Nilikuita mti mkavu," akasema, kwa sauti iliyofika hadi jikoni. "Nilikosa. Pokea, mwanangu."

Nikapokea. Nilifurahi mno. Hata siku niliyojifungua sikufurahi hivyo, Mungu anisamehe. Nikamchukua binti yangu kutoka kwa baba yake, nikamwinua juu ukoo wote umwone, na kwa mara ya kwanza nikamwita jina lake la kikwetu kwa nguvu zangu zote.

"Abee," akaitika mkwe wangu, kabla hajakumbuka kwamba sasa wako wawili.