Kifaru cha Mgonjwa wa Vwawa

Jumanne nilikuwa kwenye foleni ya ofisi ya vifurushi vya basi, Tunduma. Mbele yangu mzee mmoja alikumbatia boksi lenye picha ya kifaru kizito cha vita cha Kisovieti, mzinga wake mrefu kama mwiko wa ubwabwa wa harusi.

"Ni vipande vya plastiki," akamweleza karani. "Kaka yangu kule Vwawa kavunjika mguu. Namtumia aunganishe kwa gundi, labda ataacha kumgombeza shemeji kutwa nzima."

Karani akalitikisa boksi sikioni. "Mzee, hapa mpakani kila kitu hupita vipande vipande. Juzi nimepokea spea, kumbe pikipiki nzima! Unganisha nione."

"Mwanangu, hiyo ndiyo kazi ya mgonjwa!"

"Unganisha, baba."

Mzee akaketi kwenye benchi, akaanza na gurudumu. Mama mwenye tenga la nyanya akachuchumaa: "Lete nikusaidie baba, basi litatuacha." Foleni nzima ikaingia kazini. Mimi nilibandika mfuniko juu chini. Mwishowe karani mwenyewe akaruka kaunta, akabandika mzinga, akarudi nyuma kuutazama, mikono kiunoni kama fundi aliyemaliza kuezeka kanisa.

"Kweli ni cha kuchezea," akakiri.

Mzee akampigia kaka yake, akamwambia kifaru kimeshaunganishwa chote. Simu ikanguruma: "Sasa mimi huku nifanye nini?"

Karani akainamisha kichwa, akabandua gurudumu moja, akalifunga kwenye karatasi pamoja na gundi.

Shemeji wa Vwawa, tusamehe. Lile gurudumu halitamfikisha mumeo hata chai ya saa nne.