Kiti cha Wahitimu

Hati Idhini ya chuo chetu niliisoma nikiwa nimesimama, nimevaa koti la maabara, mikono imejaa vumbi la udongo. Sikuwa nikiitafuta. Nilikuwa natafuta mwongozo wa mashine ya kukaushia sampuli, na chini ya makabrasha kabatini nikakuta kijitabu chembamba chenye nembo ya chuo, jalada lake limeliwa na mende. Nimefanya kazi kwenye maabara ya udongo ya tawi letu la Same tangu nilipohitimu shahada yangu hapohapo. Udongo mwekundu wa kwetu Vudee nimeupima, na ule wa mbugani Kisiwani nimeupima. Lakini sheria inayokiendesha chuo sikuwahi kuishika mkononi.

Wiki ile kantini nzima ilikuwa na habari moja: shahada ya kilimo ingehamishiwa makao makuu, mjini, na madarasa yetu yageuzwe kumbi za semina. Hakuna aliyeandikiwa barua wala kuulizwa chochote. Wahadhiri walisema, "Ndiyo hivyo, Baraza la Chuo litapitisha." Wahudumu nao wakasema, "Sisi ni nani?" Walisema kwa upole kabisa, wakaendelea kunywa chai.

Kijitabu kile kilisema sisi ni nani. Baraza la Chuo, ndicho chombo kikubwa kinachoamua mambo yote, lina kiti kimoja cha mjumbe anayechaguliwa na wahitimu na kingine cha anayechaguliwa na wafanyakazi. Wahitimu wote, popote walipo, wana mkutano wao mkuu unaoitwa Baraza la Masajili, na humo ndimo wanamchagua mjumbe wao. Mkutano usipoitishwa, wahitimu hamsini wakitia saini barua, katibu wake hana budi kuuitisha. Iliandikwa hivyo: hana budi. Nilirudia maneno yale mara tatu, kisha nikavua koti nikaenda ofisini kwa katibu, hapohapo tawini.

Katibu alikuwa mtu mzima, mpole wa sauti, amezoea kuheshimiwa. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanikaribisha kiti.

"Mzee, mjumbe wa wahitimu kwenye Baraza ni nani?"

"Kiti hicho kiko wazi."

"Tangu lini?"

"Wahitimu hawajitokezi, mwanangu. Wametawanyika. Ukiwaita, nani atakuja?"

"Mliwaita lini mara ya mwisho?"

Akavua miwani, akaifuta taratibu. "Wewe ni fundi sanifu, una ajira yako nzuri. Mambo ya Baraza waachie wenye Baraza."

"Mimi ni mhitimu wa hapa. Na mimi ni mwenye Baraza."

"Wewe ni mfanyakazi. Huwezi kuwa pande mbili."

Nilitoka bila kuaga. Nimelelewa kuaga wakubwa, na siku nyingine ningerudi kuomba radhi. Siku ile sikurudi, na mpaka leo sijaona sababu ya kurudi.

Jumamosi nikapanda Vudee. Mama alinipakulia makande, akanisikiliza mpaka mwisho huku akichambua maharage ya kesho yake. Kisha akauliza swali moja tu.

"Mtu akija kugawa maji ya ndiva bila kuwaita wenye mashamba, tunafanyaje?"

Ndiva ni bwawa letu la kumwagilia. Mababu walilichimba, na mpaka leo tunalizibua kwa msaragambo, kazi ya pamoja ambayo hakuna wa kuikwepa. Asiyetoka kwenye msaragambo hana zamu ya maji. Aliyetoka ana sauti, awe tajiri au mjane.

"Mnakwenda wote kusimama kwenye mlango wa maji," nikasema.

"Basi unaniuliza nini?"

Nilianza na jirani yake wa upande wa juu, dada mmoja aliyehitimu kilimo miaka miwili nyuma yangu, akarudi nyumbani kulima tangawizi. Watu walimcheka sana: msomi mwenye jembe. Nilimkuta shambani, magunia mgongoni kwake kujikinga na manyunyu. Aliisoma barua yangu ya kudai mkutano, yote, kabla ya kutia saini, hata sehemu ya anwani.

"Mkutano ukiitishwa, nani atagombea?" akaniuliza.

"Tutatafuta mtu mwenye wadhifa. Meneja, au mkurugenzi."

"Kwa nini?"

Nilikunja barua, nikaitia mfukoni. Yeye akachukua jembe lake akaendelea kupalilia.

Katibu, aliposikia habari za barua, alikuwa ameshatuma neno kwamba saini za kwenye simu hazitakubaliwa, lazima wino. Basi nikawafuata kwa wino. Nilikwenda Kisiwani kwa bodaboda, nikapata saini ya mwalimu wa hesabu na ya mfanyabiashara wa mpunga aliyetoka kuswali Ijumaa, akasaini akiwa bado na kanzu. Hakuniacha niondoke hivihivi; alinitajia wenzake wanne waliosoma naye na kuwapigia simu mbele yangu. Nilimfuata afisa ugani mpaka kwenye josho la ng'ombe. Wengine walikataa. Kijana mmoja anayeuza vocha stendi ya Same aliniambia, "Dada, chuo kilinipa cheti, kazi hakikunipa. Nikipiganie kwa lipi?" Sikumbishia. Nilimwambia tu kwamba hayo ndiyo maneno ambayo Baraza halijawahi kuyasikia, kwa kuwa kiti chake kiko wazi. Alitikisa kichwa, hakusaini.

Saini zilifika sitini na moja. Jumatatu nikazipeleka. Katibu alizipokea, akaziweka kando, akasema nitajibiwa.

"Naomba mhuri wa kupokelewa kwenye nakala yangu."

"Utaletewa."

"Nitasubiri."

Nikakaa. Nilikuwa nimeomba ruhusa ya siku nzima kwa mkuu wangu wa idara, kwa maandishi. Watu waliingia na kutoka, wakanitazama. Karani akaniletea maji bila kuambiwa na mtu. Saa saba katibu alipotaka kwenda kula, akanikuta bado nipo, nakala imelala magotini. Akagonga mhuri kwa nguvu mpaka kalamu zikaruka mezani.

Mkutano ukaitishwa, lakini kwa ujanja. Ulipangwa Jumatano saa tatu asubuhi, saa za kazi, na kwenye ubao wa matangazo likabandikwa karatasi: mkutano ni wa wahitimu, wafanyakazi waendelee na majukumu yao. Nami nikaandika ombi jingine la ruhusa.

Siku hiyo watu walikuja kuliko nilivyothubutu kuomba. Walishuka kutoka milimani na viatu vyenye tope, wakaja kutoka Mwanga na Hedaru, wengine na watoto mgongoni. Dada wa tangawizi alivaa gauni la kanisani. Katibu akahesabu. Akidi ilikuwa mia moja. Sisi tulikuwa tisini na mmoja.

"Nitatoa nusu saa," akasema, akatazama saa yake. "Akidi isipotimia, tutaahirisha mpaka mwakani."

Niliona watu wakitazamana, watu waliofunga maduka na kuacha mifugo kwa majirani. Halafu maneno ya katibu yakanirudia: huwezi kuwa pande mbili. Nani aliyesema?

Nikatoka mbio. Nilianza maktaba.

"Wewe si umesoma hapa?" nikamwuliza mkutubi.

"Ndiyo, lakini mimi ni mfanyakazi. Tangazo limesema..."

"Walipokuajiri walikufutia shahada?"

Akasimama, akafunga mlango, akaandika kwenye karatasi: *Nipo mkutanoni, ni haki yangu.* Nilipopita baadaye niliona ameyapigia mstari maneno mawili ya mwisho.

Zahanati nikampata muuguzi mmoja. Karakana nikampata dereva wa basi la chuo, ambaye shahada yake aliisoma akiwa kazini, vitabu vyake vikikaa pembeni ya usukani. Alikuwa chini ya gari. Alitoka bila kuuliza, akapangusa mikono kwa tambara, akasema, "Mbona umechelewa kuniita?" Uhasibuni wawili walikataa, wakaogopa, na sikuwalaumu, watatu wakaja; kwenye ofisi nyingine nikapata watano. Niliingia ukumbini na watu kumi na mmoja, mmoja ananuka grisi, na ukumbi mzima ukasimama ukapiga makofi. Katibu alihesabu upya, polepole. Kisha akahesabu tena. Tulikuwa mia moja na wawili, na yeye mwenyewe akalazimika kulitamka.

Waligombea wawili. Wa kwanza alikuwa mkurugenzi aliyetoka mjini na suti yake, alizungumza vizuri juu ya ushirikiano na maendeleo. Wa pili alikuwa dada wa tangawizi. Hatukuwa tumempanga. Alinyoosha mkono mwenyewe.

"Mimi sina ofisi," alisema. "Nina shamba, na ninalolijua juu ya udongo nililijulia kwenye maabara ya tawi hili. Mkinichagua, siahidi kwamba tutashinda. Naahidi kwamba kila kikao kikiisha nitarudi kuwaambia kimeamuliwa nini na mimi nilisema nini. Mkiona nimesema upuuzi, mniondoe."

Alishinda kwa wingi wa kura ambao hata yule mkurugenzi aliupigia makofi.

Barua yangu ilifika wiki iliyofuata. Nahamishwa kutoka maabara kwenda stoo ya vifaa, "kwa mahitaji ya kiutendaji." Nilijibu siku hiyohiyo, nakala kwa chama cha wafanyakazi, nikiuliza mahitaji gani, nani aliyaona, na kikao kipi kiliyajadili. Sijajibiwa. Nilipokea funguo za stoo na kuingia kazini. Wenzangu walinionea huruma, wakaniambia nimeponza riziki yangu. Niliwaambia stoo ina dirisha zuri linalotazama mlima, na kwamba mtu anayehamishwa kwa kuuliza swali amejibiwa kwamba swali lilikuwa la maana.

Baraza la Chuo lilipokaa, tulisubiri. Siku tatu baadaye dada wa tangawizi alituita kwenye darasa la shule ya msingi mjini Same. Tulikuwa kama arobaini, tumebanwa kwenye madawati ya watoto. Alisimama mbele ya ubao na daftari lake.

"Shahada imekwenda," akasema.

Watu wakapiga kelele. Mzee mmoja aliyehitimu zamani alisimama kwa hasira. "Sasa tulikutuma ukafanye nini?"

Alimwacha amalize. Hakujitetea haraka. Kisha akatusomea: wanafunzi waliopo watamalizia hapahapa. Kozi za cheti zinabaki, na maabara ya udongo inabaki. Na kuanzia sasa, hakuna programu itakayofungwa kabla pendekezo halijapelekwa kwanza kwa wahitimu na wafanyakazi na maoni yao kuandikwa. Hilo la mwisho alilipendekeza yeye. Wajumbe wawili walimpinga, mwenyekiti akalikubali.

"Kuhusu shahada nilikuwa peke yangu na mwakilishi wa wanafunzi," akasema. "Tulipiga kura ya hapana, na nimeomba iandikwe kwenye kumbukumbu za kikao. Imeandikwa. Mzee, una haki ya kukasirika. Na mimi nimekasirika."

Mzee alikaa. Baada ya hapo alikuwa wa kwanza kuuliza kikao kinachofuata ni lini.

Nilirudi stoo na uchungu wangu. Tulishindwa lile tulilolianzia, na sitaki kulipaka rangi. Udongo wa Vudee utapimwa na watu wa cheti, na mtoto wa huku anayetaka shahada atapanda basi la kwenda mbali, kama ana nauli na wa kumpokea. Lakini kwa mara ya kwanza tulijua nani alisema ndiyo na nani alisema hapana. Hakuna tena anayeweza kutuambia kwamba mambo yaliamuliwa tu, yenyewe.

Miezi michache baadaye kiti cha wafanyakazi nacho kikafika muda wake. Nilichukua fomu. Niligombea kutoka stoo, nikazunguka karakana, jikoni, bustanini, kwa walinzi getini, nikiwauliza watu jambo gani wangetaka Baraza lisikie. Wengi walisema hawajawahi kuulizwa. Nilishindwa kwa kura nne. Aliyeshinda ni mhadhiri, mtu mwema, msomi, ambaye hajawahi kuingia karakana.

Asubuhi iliyofuata nilimfuata ofisini kwake, nikampa pongezi za kweli, kisha nikamwekea mezani karatasi saba nilizoandika kwa mkono: maswali ya wapishi, ya walinzi, ya madereva, ya wauguzi.

Akazipekua. "Mbona mengi hivi?"

"Soma yote," nikamwambia. "Wenyewe wanataka majibu, na mimi nipo hapo chini, stoo."