Chama Kitaniosha Nikifa?

Je, mama yangu aliondoka Moroni kwa hiari, au alifukuzwa bila mtu yeyote kumgusa? Nimesoma sheria, nimewafundisha wengine maana ya uhuru wa kujumuika, na bado sijui.

Tuliishi Magoudjou, mtaa wa Moroni, miongoni mwa familia zilizorejeshwa kutoka Majunga, Madagaska, baada ya Wakomori wengi kuuawa huko. Kurejeshwa lilikuwa neno la serikali. Mama alizaliwa Majunga; Moroni hakuwa na nyumba, ukoo wala hirimu ya wanawake wa rika lake. Majirani walituita Wabuki, watu wa Madagaska, kwa sababu ya lafudhi yetu. Kwa hiyo wanawake waliotoka Majunga waliunda chama chao. Kila Ijumaa alasiri walikutana uani kwetu, wamevaa leso za aina moja. Binti wa mmoja akiolewa, wote walikuwa shangazi zake. Mmoja akifiwa, wote walikuwa wafiwa.

Hizo zilikuwa zama za mamluki wa kizungu waliomlinda rais. Siku moja mjumbe wa chama tawala aliingia uani. Nje, mzungu mwenye bunduki aliegemea gari, akivuta sigara kama mtu anayemsubiri mkewe sokoni.

"Mama zangu, hakuna anayewakataza kukutana," mjumbe alisema. "Lakini nchi hii ina chama kimoja tu. Ingieni humo."

Mkubwa wao, bibi aliyeuza vitumbua mtaani, alimuuliza, "Chama chako kitaniosha nikifa, mwanangu?"

"Kitakuosha kwa sabuni ya Ufaransa, bibi."

Wanawake wawili walicheka, kisha wakatazama mlangoni wakaziba midomo kwa leso.

Wiki ile waume wa baadhi yao waliitwa kambini kwa mamluki. Walirudi wazima, hawataki kuzungumza, na wake zao hawakuja tena. Ijumaa zikapita, mama ametandika mkeka, ameketi peke yake. Nilikuwa na umri wa kutosha kujua kwamba sipaswi kumuuliza.

Bibi wa vitumbua alifariki kabla ya Ramadhani. Mama alimwosha akisaidiwa na mwanamke mmoja tu. Wengine walikuja kutoa pole mmoja mmoja, kila mmoja na leso yake tofauti, akingoja mwenzake atoke ndipo aingie. Nimehudhuria misiba mingi tangu hapo. Sijaona mwingine ambao watu waliogopa kukaa pamoja.

Jioni hiyo mama alisema tutahamia Mutsamudu, mji wa kisiwa kingine, alikozaliwa baba yake. Yeye mwenyewe hakuwahi kufika huko.

"Unamjua nani kule, mama?"

"Simjui mtu. Lakini ukoo hauombi ruhusa ya kunizika."

Hakuwa hata na mvi.

Kesho yake asubuhi tulishuka bandarini na masanduku mawili. Meli ilipong'oa nanga, mama alikuwa amekwisha kuketi upande ambao mji hauonekani.