Dokta wa Eksirei

Kanisani, mtaa wa Regent Park, wanamwita Dokta wa eksirei, na yeye, kwa upole wake usio na faida, hajawahi kukanusha. Kazi yake ni kukadiria uzito wa makundi ya galaksi kwa eksirei zitokazo kwenye gesi ya moto iliyoyajaza. Akieleza, vidole vyake virefu hukumbatia sufuria isiyokuwepo: gesi kali namna hii isipotoroka, basi kuna uzito mkubwa unaoibana. Sauti yake ni ya mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Hata ukimuuliza aongezwe pilau kiasi gani, atakodoa macho kwanza, kisha aseme, "Kati ya vijiko viwili na vitano."

Jumapili moja Mama Adelina alimshikisha simu yenye picha ya eksirei ya goti lake. Alitakiwa kupasuliwa Jumanne, na moyoni alishaapa kughairi iwapo Dokta angetikisa kichwa tu. Dokta akaigeuza simu. Picha nayo ikajigeuza. Akaigeuza tena.

"Sema, mwanangu. Kisu cha nini?"

"Mama, mimi si daktari wa watu. Mifupa siijui hata kidogo. Nenda Jumanne, nitakupeleka mwenyewe."

"Na hizo eksirei zako?"

"Za galaksi, Mama. Mwanga wa makundi ya karibu husafiri zaidi ya miaka milioni hamsini kutufikia."

Mama Adelina akamnyang'anya simu. "Ndiyo maana wagonjwa wako hawalalamiki. Jumanne lete gari saa moja asubuhi, mimi nitalalamika njia nzima."