Mabega Yaliyokwenda Mkutanoni

Siku ile naikumbuka kwa harufu ya dizeli, mwanangu. Sukari tulishaisahau, nguo tunafulia majani ya mpapai, maiti tunawazika kwa shuka kuukuu. Lakini chama kilitaka kuonekana kina nguvu, na dizeli ya mkutano ikapatikana. Mimi, kijana wa chama niliyeishia darasa la tatu, kifua mbele, nikapewa kazi ya kujaza uwanja kule Lushoto mjini.

Nikawasomba wanaume wote wa kitongoji chetu, huku juu ya Rangwi. Jirani yangu, Mzee Singano, akanisimamisha njiani.

"Binti yangu Zaina ana uchungu tangu alfajiri. Niachie wanaume wanne wa kubeba machela."

"Mzee, leo tunaonyesha nguvu! Wanawake si wanazaa kila siku?"

Ndivyo nilivyosema. Mdomo huu huu.

Kwetu gari halipandi. Asiyeweza kutembea hubebwa mabegani mpaka zahanati, na mabega yote nilikuwa nimeyateremsha kwa miguu na kuyapakia kwenye lori kule chini barabarani. Tulipofika mjini, bado uwanja ulipwaya. Nikaamuru lori lizunguke nyuma ya kilima, liingie tena na watu wale wale, nyimbo zile zile.

"Kiongozi, mimi nimeshawasili mara tatu, nitashuka lini?" mmoja akapayuka, tukacheka. Mgeni rasmi jukwaani akatupungia kila tulipoingia, akauliza, nani kasema hawa wana njaa?

Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Jioni, tukipanda kurudi, tukamkuta Mzee Singano kwenye kona, na mkewe, na dada yake Zaina. Machela iko chini. Nguvu zao ziliishia hapo. Zaina kafunikwa kanga mpaka usoni, na mtoto hakuwahi kutoka.

Mzee akanionyesha machela.

"Umeonyesha nguvu, bwana mdogo. Sasa inua."

Nikainua. Nimejenga nyumba mbili kwa mikono hii, nimebeba magunia ya viazi kuliko punda, ila mzigo ule sijautua.

Juzi nimewaona ninyi vijana mkigawiwa fulana na mafuta ya pikipiki, na unga haushikiki dukani. Mwanangu, chama chako kipende, sikukatazi. Lakini ukiitwa kwenda kuonyesha nguvu, zunguka kwanza kwa majirani, uulize nani leo anahitaji kubebwa. Akiwepo, baki. Uwanja utajazwa na wengine. Machela haizungushwi nyuma ya kilima ikaonekana ina wabebaji.

Mungu akupe mabega mapana, na siku yatakapohitajika ikukute nyumbani.